Kimwera cha Bwana Afisa

Mimi nimepika chai katika ofisi ya elimu ya wilaya kwa miaka kumi na tisa, na maafisa elimu nimewaona wakija na kuondoka saba. Wilaya yenyewe siitaji. Ni huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, na wenye kujua watajua. Kati ya hao saba, wawili walikuwa watu. Waliobaki walikuwa suti tu. Lakini aliyenichefua kuliko wote hakutoka Moshi wala Bukoba. Alikuwa wa kwetu, Mmwera kama mimi, mtoto wa Fatu muuza togwa wa njia ya Mandawa. Jina lake Rahimu Nandonde, na leo ni mkubwa wa elimu kwenye jiji, shule zaidi ya mia ziko chini yake. Mungu awasaidie hao watoto.

Alianza kama mwalimu wa hesabu, na hesabu zenyewe zilimshinda. Alichoweza ni kubeba mkoba. Mkaguzi akifika shuleni, Rahimu ndiye anayempokea kofia ya pikipiki, ndiye anayemkimbilia kiti, ndiye anayecheka kabla mzaha haujaisha. Kwa kucheka huko akawa mwalimu mkuu. Akacheka tena akawa afisa elimu kata. Akaletwa wilayani kwenye taaluma, na afisa aliyekuwepo alipostaafu, Rahimu akaachiwa ofisi akaimu. Kaimu tu! Wiki ileile akamwita fundi amchongee kibao cha mlangoni, AFISA ELIMU kwa herufi kubwa, na hilo neno Kaimu likakaa pembeni kwa herufi za kutafutia miwani. Akanunua kikombe chake mwenyewe, nikaonywa kwamba mtu mwingine asikinywee. Akaweka na kengele mezani. Mimi na yeye tunatenganishwa na pazia, nasikia hata akikohoa, lakini ananigongea kengele. Mtu mzima hovyo.

Na Kimwera akakisahau. Mtu amekinyonya kwa mama yake, jandoni ameimbiwa kwa hichohicho, leo wazee wanakuja ofisini kuulizia mambo ya watoto wao, wanamsalimia kwa lugha ya nyumbani, yeye anamgeukia karani: "Huyu anasemaje?" Anasema Kimwera kinampiga chenga, ameishi sana na watu wa nje. Watu gani wa nje? Mbali kuliko kote alikowahi kuishi wakati huo ni Nanganga, hapo jirani tu! Wazee wengine Kiswahili chao ni cha mnadani tu, cha kuuzia ufuta. Wanasimama pale na kofia mikononi, mwisho wanaondoka bila kusema walichojia.

Sasa sikilizeni alivyopanda. Wilaya yetu ilikuwa ya mwisho kasoro moja katika matokeo ya darasa la saba, na mkoani walimsema mpaka shati likamganda mgongoni. Mwalimu wa kweli angerudi akauliza watoto wanakwama wapi. Rahimu aliuliza ni watoto gani. Kila Januari darasa la saba hufanya jaribio. Akaagiza wale wa mkiani, kabla majina hayajatumwa kwa ajili ya mtihani wa taifa, warudishwe darasa la sita. Hawakufundishwa chochote cha zaidi. Waliondolewa tu kwenye hesabu, kama mama anavyopepeta mchele wageni wakija.

Tatizo, mtoto harudishwi hivihivi. Kwa hiyo akatunga fomu: "Mimi mzazi nimeomba kwa hiari yangu mwanangu akariri darasa." Nani ataomba hivyo? Walimu wakuu walipeleka fomu vijijini, wazazi wakakataa. Ndipo Rahimu akatoka mwenyewe. Gari akaliacha barabarani, akaingia uani kwa miguu, akavua viatu, akakaa mkekani. Na Kimwera kikarudi chote! Kile cha ndani, cha mababu, ambacho hata mimi maneno mengine yananipita. Baba, mama mkubwa, mikorosho imeshikaje, mvua za huku vipi. Akipewa muhogo anakula, anaomba tena. Halafu, akiwa anaaga, anachomoa karatasi na pedi ya wino. Watu wakabonyeza dole gumba na kumsindikiza mpaka kwenye gari. "Mtoto wa Fatu hana majivuno," walisema. Lo!

Fomu zilipofika ofisini mimi ndiye niliyezipanga kwenye faili. Naona dole juu ya dole, nacheka peke yangu. Watu wa shamba bwana, nilisema, salamu moja tu mmemtoa mtoto. Niliwadharau kuliko nilivyomdharau yeye. Mwaka ule wilaya ikaruka mpaka nafasi ya pili, ikaletwa ngao ya kuning'iniza ukutani, na nikawa naifuta vumbi kila asubuhi.

Mwaka uliofuata ukawa wa Zulfa.

Zulfa ni mjukuu wangu. Mama yake aliolewa tena Mbekenyera, mtoto nikabaki naye. Si mtoto wa mkiani huyu. Anasoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa sukari. Lakini Desemba alichezwa unyago, na yeye na wenzake wakachelewa kutolewa ndani kwa sababu ya msiba wa kungwi, basi akarudi shule jaribio limebakiza masomo mawili. Yale aliyoyakosa wakamwandikia sifuri. Jina likaingia mkiani.

Rahimu akaja kwangu. Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri. Akavua viatu. Akaniita mama mkubwa, kwa Kimwera, yule ambaye ofisini ananiita "wewe mama wa chai." Nikamwekea ugali wa muhogo na kisamvu, akala akafuta sahani. Majirani wakatoka, mmoja anajifanya anatafuta kuku, mwingine anaomba chumvi, kumbe wanataka kuona gari la serikali limekuja kwa Hajra. Miaka kumi na tisa hakuna afisa aliyekanyaga ua wangu. Akaniambia Zulfa ni mtoto wetu, mwakani atafaulu vizuri zaidi, yeye mwenyewe atamsimamia. Akatoa fomu. Pedi ya wino hakuitoa, alinipa kalamu, anajua mimi nasoma.

Nikasaini. Msinitazame hivyo. Mimi niliyezipanga fomu zile kwa mikono yangu, niliyeujua mchezo toka mwanzo mpaka mwisho, nilisaini jina langu lote na mkia nikauvuta chini yake. Niliona fahari, ndiyo hivyo. Wale wenzangu waliobonyeza dole hawakujua wanachobonyeza. Mimi nilijua.

Jumatatu kengele ikalia. "Wewe mama, chai hii imepoa." Kwa Kiswahili.

Zulfa hakulia. Aliniuliza tu, "Bibi, umesaini wewe mwenyewe?" Nikamwambia ni kwa faida yake. Akaniangalia, akaenda kuchota maji. Mjomba wake Mbaruku ndiye aliyesema sana. Kwetu mjomba ana neno, na Mbaruku si mtu wa kurudi nyuma. "Daftari za darasa la saba nimenunua," alisema. "Za kurudia la sita sinunui. Asipofanya mtihani mwaka huu, aende Mandawa akapalilie mikorosho." Na mwali aliyekwishachezwa, akikaa shamba bila shule, mnajua anachosubiriwa. Posa ya kwanza ilikuwa imeshaulizwa, na Zulfa alijua.

Nikamwendea Rahimu anirudishie fomu. Hakuinua macho. Akasema mambo yamekwisha, mama, tuangalie mbele. Fomu ningeweza kuichana, maana funguo za ofisi ninazo mimi. Lakini jina lilikuwa limeshatolewa kwenye kompyuta, na kompyuta haichaniki.

Aliyenifungulia mlango ni Mwalimu Laurencia, mwalimu mkuu wa shule ya Zulfa, mwanamke wa Bukoba asiye na maneno mengi. Wakati huo barua ya Rahimu ilikuwa imefika, amepata cheo mjini, na ilipangwa hafla ya kumuaga siku ya Ijumaa. Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa Jumatatu. "Mama Hajra," Laurencia aliniambia, "mgeni rasmi ni Bwana Gregori kutoka mkoani. Yule mzee hapendi mchezo huu. Wilaya nyingine mzazi mmoja alisimama akalalamika, mzee akaagiza majina yote yarudishwe kesho yake. Mimi nikisema nitaonekana nina wivu na bosi, nitahamishwa. Wewe ni mzazi. Na zamu ya wahudumu kutoa neno ipo."

Siku tatu nilijifunza maneno yangu kwa Kiswahili safi. Mheshimiwa, mjukuu wangu Zulfa ameondolewa kwenye mtihani, na wenzake wengi, naomba majina yao yarudi. Basi, si zaidi ya hapo. Nilimwambia na Zulfa. Asubuhi ya Ijumaa alinifungia kilemba yeye mwenyewe.

Hafla ilifana kwa wapenda kufana. Pilau, soda, mapambo ukumbi mzima. Mshereheshaji, Jofrey wa takwimu, alimwita Rahimu simba wa elimu, jembe, mwana wa nchi. Walimu wakuu wakapita mmoja mmoja na zawadi, wengine najua wanamchukia kuliko mimi, na ndio waliomkumbatia kwa nguvu. Bwana Gregori alikaa katikati, mzee mpole, anasikiliza kila mtu mpaka mwisho. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Jofrey akaniita. Nikashika kipaza sauti. Bwana Gregori alikuwa hatua tano mbele yangu, ananitabasamia. Pembeni yake Rahimu, naye anatabasamu, lakini macho yake yananiuliza umebakiza muda gani kustaafu, mama? Ilikuwa miezi minane. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni Kimwera.

Nilikisema chote. Nilimwambia amewala watoto wa watu wake ili ashibe yeye. Nilimwambia lugha ya mama yake ameifanya mtego. Nikamtaja Zulfa, nikataja na vijiji vya wengine, kimoja kimoja. Wakati ule nilijiona shujaa, nimempiga kwa fimbo yake mwenyewe. Ushujaa gani! Nilichagua lugha ambayo mtu pekee wa kunisaidia pale haielewi. Ulikuwa woga umevaa kilemba.

Nusu ya ukumbi ilielewa. Walimu wa kwetu, thelathini na ushee, wote wakaanza kuangalia pilau. Nilipomaliza, Bwana Gregori akacheka kidogo na kusema, "Mama amesema kwa hisia sana. Mwenye lugha atusaidie, amesema nini?"

Walioelewa wakazidi kuinamia sahani. Laurencia Kimwera hakijui, alikuwa ananitolea macho tu.

Rahimu akasimama. Yule ambaye Kimwera kinampiga chenga alinyanyuka mbele ya watu wote aliowahi kuwaambia hivyo, akanishika bega, akachukua kipaza sauti. "Mheshimiwa, huyu ni mama yangu. Ananishukuru kwa niliyowafanyia watoto wa hapa, mjukuu wake Zulfa akiwemo. Ananiombea safari njema."

Bwana Gregori akapiga makofi. Ukumbi mzima ukapiga, na walioelewa ndio waliopiga sana, wengine wakapiga na vigelegele. Msidhani nawasema wao tu. Neno moja la Kiswahili lilitosha, "Hapana," na mzee yule angelisikia. Jofrey akaja na doti ya khanga, zawadi ya wahudumu. Nikapiga goti, nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Nyumbani Zulfa alikuwa amekaa kizingitini, ananingoja.

"Bibi, ulisema?"

"Nilisema."

"Na mimi ulinitaja?"

"Nilikutaja."

"Wakasemaje?"

"Walipiga makofi," nikamwambia.

Aliruka akanikumbatia, kitu ambacho hakuwa amekifanya toka siku ile niliposaini. Akaingia ndani mbio. Nikamsikia anazitoa daftari za darasa la saba uvunguni, anazipangusa, anauliza kwa sauti kama sare ya Jumatatu nimeifua. Nikamjibu nimeifua.