Wa Mwisho Kwenye Njia ya Minembwe

Harufu ya mawese iliyochanganyika na ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na jasho la paji la uso: nikiinusa popote, hata sokoni hapa Lubumbashi ninakoishi siku hizi, magoti yangu huanza kuuma kabla sijapanda chochote. Basi niseme jambo ambalo nimelikana mbele ya wahariri kadhaa na mume mmoja. Mimi sipendi milima. Huandika kuihusu, ndiyo. Nilisoma jiografia chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaeleza wasomaji waende Himalaya msimu gani, wavae viatu gani Andes, kwa nini Atlas humpokea mgeni kwa upole kuliko Alps, na kwamba Ruwenzori itawalowesha hata wakijifunika namna gani. Baadhi ya milima hiyo nimeitembea mwenyewe, nikihema kama pampu ya baiskeli, na fimbo mbili za kisasa mikononi na uso wa mtu anayefurahi. Watu huniuliza mapenzi haya yalianzia wapi. Hujibu kwamba nilizaliwa Baraka, kati ya ziwa na milima, kana kwamba hilo ni jibu.

Kilichoanzia kule hakikuwa mapenzi. Kilikuwa kiangazi kimoja, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mama yangu alikuwa akibeba mizigo ya wafanyabiashara wa Baraka, kupitia Fizi na Lubondja, hadi Minembwe, juu kabisa kwenye nyanda za wafugaji. Chumvi, sabuni, mawese na ndagala vilipanda. Maharage, viazi na siagi vilishuka. Vyote vilipanda na kushuka juu ya migongo ya wanawake. Kitunga kilikaa mgongoni, kikashikiliwa na ukanda wa gome uliopita kwenye paji la uso, na chini ya ukanda kiliwekwa kitambaa kilichokunjwa ili ngozi isichubuke. Ilichubuka hata hivyo. Mama alikuwa na mfereji mdogo juu ya nyusi zake, nami niliamini kwamba kila mwanamke huupata siku anapozaa. Kiangazi kile shule ilikuwa imefungwa na bibi aliyezoea kukaa nami alikuwa mgonjwa. Mama akanifungia chumvi kidogo kwenye kitambaa, akanitwika, akaniambia twende.

Tuliondoka kukiwa na ukungu, na nyasi zilizochomwa zilikuwa bado zikifuka moshi kwenye vilima. Kiongozi wa msafara alikuwa Mama Sifa, mwanamke mwenye sauti ya kuvusha watu mto, ambaye alitembea mbele na kuimba nyimbo za kanisani mpaka mlima ulipomnyang'anya pumzi. Binti yake, Sifa, alikuwa rika langu na mshindani wangu. Mama yangu alitembea nyuma ya wote. Kila tulipopumzika, wengine walikuwa wamekwisha kunywa maji ndipo yeye akatokea kwenye kona, polepole, macho chini. "Mama yako ni kobe," Sifa aliniambia. Mama Sifa naye hakuwa na huruma zaidi. "We mutoto, mama yako iko wapi? Ameolewa na lile jiwe anaegemea njiani?" Wanawake wote walicheka. Nilicheka nao, tena kwa sauti kuliko wote, kisha nikahamia mbele nikatembea kisigino kwa kisigino na Mama Sifa, ili mtu tusiyemfahamu akipita njiani asijue mimi ni wa nani.

Sikujua bado kanuni ya njia ile. Kitunga kilichojaa, mtu hawezi kukiinua peke yake. Mwanamke hukaa chini, huupa mzigo mgongo, huvaa ukanda kwenye paji la uso, na mwenzake anayemfuata humshika na kumwinua. Huyo naye huinuliwa na wa nyuma yake, na msafara husimama hivyo, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbele hadi nyuma. Wa mwisho hana mtu. Kwa hiyo wa mwisho hakai. Hutafuta ukingo wa njia ulio sawa na kiuno chake, huegemeza kitunga hapo bila kuvua ukanda, hupumua, huondoka. Kwenye mwinuko wa Lubondja palikuwa na ukingo mmoja wa mawe uliokuwa kana kwamba umejengwa kwa kimo cha mama yangu. Pale ndipo alipopumzikia, amesimama, kwa miaka yote aliyoifanya kazi ile. Nafasi ya mwisho hawakupewa wanyonge. Alipewa yule ambaye wenzake waliamini kwamba anaweza kufika bila kuinuliwa.

Siku ya pili, tulipokwisha kuupita ukingo ule, mama alikawia kuliko kawaida. Mama Sifa alinituma nirudi nimwangalie. Nilishuka nikinung'unika, na kabla ya kona nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kama ya mnyama anayekohoa. Nilijificha nyuma ya mwamba. Mama alikuwa ameteleza na kitunga kilikuwa kimemvuta hadi chini. Hakuita mtu. Alijipindua akajiinua kwa mikono na magoti, mzigo wote juu ya mgongo wake, akatambaa hivyo hadi kwenye mzizi wa mti uliotokeza njiani, akaushika, akaanza kujivuta. Mishipa ya shingo ilisimama. Mate yalimdondoka. Mara ya kwanza alianguka tena. Mara ya pili alisimama, akatikisika, akafuta kidevu chake kwa bega. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Ningeweza angalau kumwita. Nilikimbia nikarudi mbele, nikamwambia Mama Sifa kwamba anakuja, na alipofika nikamlaumu mbele ya watu: "Umechelewa."

"Njia iko muzuri leo," alijibu. Magoti yake yalikuwa mekundu kwa udongo. "Nilisimama kidogo, nikaangalia ziwa."

Huko juu, Minembwe, baridi ilituuma masikio. Rafiki yake mama, mfugaji aliyeitwa Mama Naomi, alitoka nje ya ua, akakamata kitunga kwa mikono yake mwenyewe, akakitua. Hapo ndipo mama alipokaa. Aliketi chini kwenye nyasi fupi, miguu ameinyoosha kama mtoto, akapewa maziwa yenye harufu ya moshi, na alipokunywa alifumba macho. Mimi nilikataa maziwa yale. Nilisema yananuka.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Himalaya, mgeni wa watu wanaochapisha vitabu vya safari, nikipanda na mkoba mwepesi ambao haukuwa na kitu zaidi ya karanga na koti. Wapagazi walitupita wamebeba mahema yetu, meza zetu, hata viti vyetu. Ukanda ulikuwa kwenye mapaji ya nyuso zao. Kila mmoja alikuwa na gongo fupi ambalo alilisimamisha chini ya mzigo ili apumzike bila kukaa. Niliketi juu ya jiwe nikalia. Kiongozi wetu alidhani ni ugonjwa wa mwinuko, akanipa maji na kuniamuru nishuke. Nilishuka. Kwenye makala niliandika kwamba mandhari yalikuwa ya kutoa machozi.

Niliporudi nilikwenda Baraka kumwona mama. Alikuwa ameacha mizigo zamani, shingo yake haikugeuka tena bila mabega. Nilimwonyesha picha za vilele vyenye theluji. Alizitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama watoto wa jirani, kisha akaniambia anachotaka. Alitaka kupanda Minembwe siku moja bila mzigo. "Mi mbele, we nyuma," alisema. "Nisikie mutu nyuma yangu." Niliahidi. Mwaka ule kulikuwa na mapigano kule juu na njia ilifungwa. Mwaka uliofuata vilevile. Vita ilikuwa sababu ya kweli mara nyingi. Mara nyingine ilikuwa sababu nzuri tu, kwa kuwa palikuwa na Atlas, kisha Andes, na kila mara alinijibu kwamba hakuna shida, mlima hauhami. Mama Naomi na watu wake ndio waliohama, wapi hatujui. Leo ningeweza kumtajia msomaji vituo vya kulala vya milima nisiyokuwa na mtu ndani yake. Ile njia moja ambayo mama yangu aliisugua kwa nyayo zake, siwezi kumwambia mtu yeyote kama inapitika.

Juzi nilikuwa mezani nikiandika kuhusu milima inayowafaa wazee, aya ya fimbo na mwendo wa taratibu, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Wilondja, mdogo wangu anayeishi na mama, lakini sauti ilikuwa ya mama mwenyewe, na nyuma yake upepo.

"Ni we? Mi niko ku ule ukingo wa mawe, juu ya Lubondja. Wilondja alinileta na pikipiki mpaka chini, ile njia ingine tumepanda na miguu."

"Mama! Unafanya nini huko?"

"Nilichoka kungoja." Hakuwa amekasirika. Alikuwa akihema. "Nimekaa chini, mutoto wangu. Miaka yote ile sikukaa hapa hata siku moja. Kumbe iko muzuri. Ziwa linaonekana yote."

Nilimwomba asiendelee. Nilimwambia anisubiri, nitakuja wiki hii hii, nitatembea nyuma yake kama tulivyopanga.

"Miguu imekataa," alisema. "Na huko juu hakuna tena mutu wa kunitua. Tunarudi nyumbani. Usijisumbue kuya."

"Nani yuko nyuma yako, mama? Usianguke wakati wa kushuka. Nani anakushika?"

"Wilondja iko mbele, ananishika mukono. Nyuma hakuna mutu," alisema. "Mi nimezoea."