Beseni Moja la Maji, na Mwanangu Hunawa wa Mwisho

Admin, nisitiri jina, maana wakwe zangu nao wanasoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na saba, kwetu ni Msambweni, nimeolewa Kinango. Mtoto wangu ni mmoja, Zuhura, ana miaka miwili.

Huku maji ni shida, hilo simlaumu mtu. Kinachonichefua ni beseni. Chakula kikiwa tayari, beseni moja la maji hupitishwa mkekani kwa ukubwa wa umri. Baba mkwe hutangulia, kisha mama mkwe, mume wangu, shemeji, mimi, na Zuhura wa mwisho. Likimfikia, maji yamekuwa rangi ya chai na ugoro wa mzee unaelea juu. Halafu mikono yote sinia moja. Jamani, kinyaa! Nimekula hivyo miaka mitatu.

Mwezi uliopita mzee akashikwa na tumbo la kuhara. Nikamwona kwa macho yangu akitoka chooni, hajagusa maji wala sabuni, akaja moja kwa moja kutumbukiza mikono ndani ya beseni. Nilimwita mume wangu kando nikamwambia, "Baba Zuhura, tumwagiane maji kwa jagi basi." Akaniuliza, "Maji yenyewe yako wapi?"

Shemeji akafuata kuhara, kisha mama mkwe. Nikashindwa kuvumilia. Siku hiyo nilichota kikombe, nikamnawisha Zuhura kwa sabuni kabla beseni halijafika kwa mzee. Mzee akainuka, akasusa chakula.

"Mtoto anawe kabla ya babuye?" mama mkwe akafoka. "Kwani babuye najisi?"

"Nisamehe, mama, lakini baba ametoka chooni."

Mume wangu aliushika mkono wa mtoto, mkono niliokwisha kuusafisha, akauchovya kwenye beseni mbele ya wote.

Zuhura alihara mpaka macho yakadidimia. Tulilazwa, akatundikiwa dripu. Muuguzi aliponiuliza, "Nyumbani mnanawaje mikono?" niliona haya kumjibu.

Sasa tuko kwa mama yangu, mtoto amepona. Jana mume wangu alinipigia simu. Mzee amekubali kunisamehe, ila kwa sharti moja. Nirudi na Zuhura, tukae mkekani mbele ya ukoo mzima, tunawe baada yake katika beseni lile lile. Nisipokwenda, mume wangu anasema atakuja kumchukua mwanawe. Mama yangu naye ananiambia, "Nenda, mwanangu, ni kuchovya mikono tu."

Mume wangu nampenda, na mzee namheshimu, wallahi. Lakini mkono utakaochovywa wa mwisho ni wa mwanangu. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?