Kikombe Kilichoacha Kunywa

Jukichi alikuwa na miaka mitatu tangu afe, lakini chai alikuwa bado anakunywa. Ndivyo mkewe Hatsuyo alivyoona. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimimina chai mpaka karibu na ukingo wa kikombe, akakiweka mbele ya picha ya mumewe kwenye kabati la kuwakumbukia wafu pale sebuleni, akagonga kengele ndogo, akafumba mikono. Jioni akirudi anakuta imeshuka vidole viwili. Vidole viwili, bwana! Si mvuke huo.

"Umekunywa, mzee," anasema. "Haya, kesho tena."

Na nani angembishia? Imbe nzima, mji wa wafinyanzi huko Japani, wanaujua mdomo wake, unawaka kuliko tanuri. Aliolewa mbichi kabisa na Jukichi, mchochea moto kwenye tanuri za wafinyanzi. Tanuri ikiwashwa ni siku kumi na mbili za kuni za msonobari, na mume anarudi nyumbani nyusi zimeungua, ananuka moshi mpaka masikioni. Hatsuyo mwenyewe alianza kwa kusugua makalio ya vyombo yasikwaruze meza za watu, halafu akaingia jikoni kwenye mgahawa wa pale karibu na stesheni. Huko ametawala miaka thelathini mpaka leo.

Vyombo vya Imbe havipakwi kitu cha kung'aa. Vinaingia motoni uchi, vinatoka uchi, na chombo cha namna hiyo kina kiu. Lazima ukiloweke kwanza kishibe maji, ndipo uweke samaki. Ole wako usahau.

"Umeweka mafuta kwenye sahani kavu?" anamfokea mfanyakazi. "Kesho mteja akila tunda humo linanuka samaki. Utalila wewe?"

Lakini akiitoa sahani majini, anaiinua dirishani kwanza. Rangi inafunguka, nyekundu ya udongo inaiva, na pale majivu yalipoitambalia inang'aa kama mgongo wa chura. Anaitazama hadi wapishi wanaanza kelele.

Jukichi alitengeneza kikombe kimoja tu maishani. Fundi wake alimpa kinafasi mwisho kabisa wa tanuri, moto unakofika umechoka. Kikatoka kimepauka, chepesi. Ukikigonga hakilii, kinakohoa. Watu wakamcheka, "Jukichi, hicho kikombe au biskuti?" Yeye akakinywea mpaka siku ya mwisho.

Siku yenyewe ilikuwa Februari, asubuhi, baridi ya kukata vidole. Hatsuyo anafua, Jukichi anaita kutoka chumbani: chai.

"Una miguu, kachukue mwenyewe!"

Akainuka kwenda. Hatsuyo akasikia kishindo. Alipofika, mume yuko chini, kikombe kiko palepale kwenye sinia, kikavu.

Maneno yale hakumwambia mtu. Kwa hiyo vile vidole viwili vya kila jioni havikuwa chai tu. Ilikuwa Jukichi anasema basi, yameisha.

Vuli hii akaja wifi yake, Kinue, mdogo wake Jukichi, kukaa wiki moja kwa ajili ya sala za marehemu. Jumatatu jioni Hatsuyo anarudi, chai imejaa. Akajipa moyo, labda baridi. Jumanne, imejaa. Akanunua majani ya bei mbaya. Jumatano, imejaa hadi inamtazama. Nyumba ikawa na kimya kile cha mtu aliyekununia. Akapita mbele ya picha ameinamisha kichwa.

Kinue alikuwa mezani anamenya tunda.

"Wifi, mbona umepauka kama umekutana na mzimu?"

"Kaka yako hanywi."

"Hanywi nini?"

"Chai. Leo siku ya tatu."

Kinue akacheka, halafu akaona hakuna utani pale. "Wifi yangu... kile kikombe kilikuwa kinavuja. Ubao wa kabati umeshaanza kuoza. Jumatatu nimekichemsha kwenye uji wa mchele, matundu yakaziba. Nilidhani utanishukuru!"

"Nani kakutuma?" Hatsuyo alipiga meza, maganda yakaruka. "Nani kakutuma ushike kitu cha mume wangu? Umeniulia mara ya pili!"

"Usinifokee, mimi si mwosha vyombo wako! Mikono hiyo imeshika vyombo vya Imbe miaka thelathini. Vikombe mia umevichemsha na uji kwa mikono hiyohiyo. Leo uniambie hukujua kwamba kinavuja?"

Hatsuyo akakaa chini.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

Ndipo akamwambia. Chai, kufua, una miguu, kishindo. Kisu cha Kinue kikasimama, ganda linaning'inia.

"Ni moyo uliomuua kaka," Kinue akasema mwishowe. "Daktari alisema."

"Daktari hakuombwa chai."

Kinue akafuta pua kwa kiganja. "Basi mwombe msamaha kwa mdomo. Siku zote mdomo unao, leo umeenda wapi?"

Hatsuyo akapiga magoti mbele ya kabati. Akakohoa kwanza. "Jukichi. Siku ile nilikuwa nimechoka tu. Ningekuletea. Dakika moja tu, ningekuletea."

Akasubiri. Chai haikushuka hata unywele.

"Ishushe," Kinue akasema nyuma yake. "Chai ya marehemu inashushwa, wa nyumbani wanainywa. Umeimwaga miaka mitatu kama maji machafu."

"Tunywe nusu kwa nusu."

"Mimi sikumnyima. Kunywa mwenyewe."

Hatsuyo akakishika kwa mkono mmoja, akanywa yote. Imepoa tangu asubuhi, chungu, na kwa mbali ladha ya mchele. Alipoleta mkono wa pili kukizungushia kikombe, akasita. Upande ule, ambao haukuwa umeguswa na mtu, ulikuwa na joto la kiganja.

Hakumwambia Kinue.