Vidonge vya Kukonda na Sinia la Bi Saada

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, kwenye chumba cha dawa cha spitali ndogo ya Mkoani, utingo wa gari ya karafuu aliniambia kwamba mtu akimeza vidonge vya kukonda, mafuta yake hayapotei: humhamia yule anayekula naye sinia moja. Nikaamini papo hapo, bila kuuliza la pili.

Na kwa nini nisiamini? Nilikuwa mwembamba hata fundi cherehani akinipima kwa jicho moja. Nilikuwa nimetoka kuhitimu kisomo cha usiku, na moshi wa taa za chemni niliouvuta darasani ungetosha kukausha pweza wote wa kisiwa cha Fundo. Cheti nilikuwa nacho. Nyama ndiyo sikuwa nayo. Siku ile ile nikaanza kuangalia nani mnono nile naye.

Vijana wa leo mnaletewa dawa imeshafungwa ndani ya boksi. Sisi tulichanganya wenyewe. Mkuu wangu, ambaye spitali nzima ilimwita Bwana Dawa, alinifundisha kusaga kwa kinu cha kauri, kupima unga kwa mizani ya shaba, na kutengeneza mikscha, yaani dawa ya maji inayotikiswa kabla ya kunywewa. Chupa mgonjwa alikuja nayo mwenyewe, na kazi ya kuziosha ilikuwa yangu. Niliosha chupa mpaka kucha zangu zikang'aa kuliko za bwana harusi.

Kutoka Mkoani tulihamishiwa kaskazini, mimi na Bwana Dawa pamoja. Yeye alidai serikali imemwadhibu kwa kumfungia mimi shingoni. Huko tulikuwa chini ya Daktari Mkuu, Mhindi mzaliwa wa Unguja, mtu wa maneno machache na viatu vinavyolia. Ndiko nilikoviona vidonge vyenyewe. Havikuwa vya kila mtu, maana Pemba ya siku zile nani alitaka kukonda? Mke akinenepa, mume ndiye anayesifiwa. Daktari aliwaandikia wachache tu, ambao uzito ulikuwa umeshageuka maradhi.

Mmoja wao alikuwa Bi Saada wa Kiuyu, mpishi wa harusi. Bi Saada alikuwa na mwili! Akikoroga pilau, nyinyi mngedhani sufuria ndilo linalozunguka. Alikuwa na uvimbe tumboni, na Daktari hakumficha.

"Bi Saada, uvimbe huu lazima utolewe. Lakini nikikulaza kwa dawa ya usingizi na uzito huu, moyo wako huenda usiamke. Punguza kwanza. Na usichelewe, kwani uvimbe nao unakua."

Bwana Dawa akampa vidonge dirishani, na masharti yake.

"Kimoja, asubuhi, baada ya chai. Ukisahau, ngoja kesho. Usimeze viwili kufidia. Mchana usikiguse, utakesha ukihesabu makuti ya paa. Moyo ukienda mbio au mikono ikitetemeka, acha na uje hapa. Kila wiki njoo upimwe. Na usimpe mtu."

"Hata jirani akiniomba, mwanangu?"

"Hata akikulilia, Bi Saada."

"Na njaa je?"

"Njaa utaisahau, ndiyo kazi ya kidonge. Lakini kula usisahau. Kidogo, lakini ule."

Basi kila wiki Bi Saada akija, mizani inashuka. Mizani ile, naapa, ilipima magunia ya karafuu kabla ya kupima wanaadamu, na mimi nikisoma ratili nilipiga ukelele utadhani timu yangu imefunga goli. Mpaka wiki moja alipopanda, nikaanza kushangilia, naye akaanguka. Uso umekuwa wa majivu, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Nilimdaka, au tuseme tulianguka pamoja, mimi chini.

Daktari alikuja mbio, viatu vikilia. Alipompima moyo akasema vidonge visimame mara moja. Kisha akamwuliza, "Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

"Chai, Daktari. Chakula napikiwa, lakini wageni wengi."

Wageni gani? Mkazamwana wake, Mize, aliyemsindikiza, akainamisha kichwa. Kumbe uvumi wa yule utingo ulikuwa umefika Kiuyu kabla yetu. Wasichana wote wembamba wa mtaa walikuwa wanakuja kula na Bi Saada ili wapate hayo yanayomtoka. Wanakula, yeye njaa hana, na kwa ukarimu wake anawasogezea minofu.

"Miye nimeolewa mwaka juzi," Mize akasema, machozi yanamlenga. "Nyumbani kwetu wananiita ufagio. Nikasema labda kwa mamamkwe nitapata japo mashavu."

"Sasa mashavu yako yatamuua mama mwenye nyumba!" Bwana Dawa akafoka. Mimi nikajitia kufuta mizani, maana na mimi nilikuwa nimepanga kwenda Kiuyu Ijumaa.

Bi Saada akalazwa. Daktari akaamuru apakuliwe sahani yake peke yake, na Mize akae mbele yake, asionje, mpaka sahani imalizike. Mpishi wa harusi akagoma. "Nile peke yangu na mtu ananitazama? Nimekuwa paka miye?" Lakini alikula. Nguvu zikarudi, moyo ukatulia, na uzito, kwa chakula cha kupimwa tu, ukaendelea kushuka taratibu.

Siku ya upasuaji Bwana Dawa alisaga unga ule ule asubuhi nzima. Daktari akatoka, akavua kofia. "Uvimbe umetoka. Ameamka, anauliza nani kapika leo." Bwana Dawa akakaa juu ya debe akacheka mpaka akalia, na mimi nikamshinda kwa yote mawili.

Nimestaafu zamani. Wajukuu sasa wananijia na vidonge vyao, hata sindano za kukonda, vingine wameandikiwa, vingine wameombana. Nawauliza: daktari gani amekupima? Nawaambia wasigawane, wasizidishe, wasikae na moyo unaodunda wakingoja kesho. Na kutosikia njaa si ruhusa ya kutokula. Kidonge anameza mmoja, lakini nyumba nzima inatakiwa iyajue masharti.

Ule uvumi, lakini, ulinikaa hata baada ya Bi Saada kurudi kwenye masufuria yake. Jioni moja, tukifunga dirisha la dawa, nikamwuliza Bwana Dawa: Mize amekula naye muda wote ule, mbona bado ufagio? Yale mafuta yamekwenda wapi?

Akaniangalia kwa huruma. "Hayakwenda kwa mtu, yakhe. Mwili usipopata chakula cha kuutosha, unayatumia mafuta yake wenyewe. Basi."