Kichwa cha Sintamei

Mwaka sabini na nne nilikuwa matroni wa bweni la wasichana, Kilosa. Sukari ikaibwa stoo. Raheli, dada mkuu, na wenzake wanne waliotamba shule nzima wakamtaja Sintamei, binti wa Kimasai aliyeletwa muhula ule.

Nikamwita. Hata shikamoo hakunipa, nikafura. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa. Nikaenda kwa mkuu wa shule: "Amekiri. Kainama kwa aibu."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kwao wakamwoza kabla ya mavuno.

Mwezi uliofuata nilikuta sukari ndani ya sanduku la Raheli. Nikasema. Mkuu akanijibu, "Yamekwisha hayo, mama." Raheli akamaliza shule kwa sifa.

Miaka mitatu baadaye, kwenye mnada wa ng'ombe, niliwaona watoto wa Kimasai wakipita mbele ya wazee, kila mmoja akiinamisha kichwa ili aguswe utosini. Kumbe ndiyo shikamoo yao! Binti mdogo akanifikia na mimi, akainama, akangoja.

Mkono wangu ulikataa kunyanyuka.