Alama za Meno

Mdogo wangu ameolewa katika mji mdogo wa pwani huko Uingereza. Nilipokwenda kumtembelea, hata koti sijavua, alinivuta jikoni, mimi dada yake mkubwa.

"Yaya, mutoto wangu hajui kitu juu ya Cibitoke. Usimuambie. Anajua tu bibi yake anakaa Bujumbura, basi."

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema niachane na methali zangu. Nilikubali huku nimekasirika, maana Cibitoke, mtaa wetu kule Bujumbura, ndiyo iliyotulea. Lakini kweli, ya kule si ya kumsimulia mtoto. Tulikuwa watoto wakati wa vita, na risasi zilipoanza mtaani, mama alitulaza sakafuni chini ya dirisha, akamlalia mdogo wangu na kumsokomeza mkono mdomoni asilie. Nje walikuwa wanamburuta jirani yetu. Tulisikia alivyopigwa mpaka akanyamaza. Mdogo wangu aliuma ule mkono hadi mfupani, na mama hakutoa sauti.

Jumapili mdogo wangu na mumewe wakatupeleka ufukweni, mimi na mtoto, ati tukaone historia ya mji. Makubwa haya. Historia yenyewe ni magendo: watu wa zamani walishusha pombe na chai kwa siri, wakawapasua vichwa askari wa forodha, na waliokamatwa walinyongwa, wakaachwa wananing'inia kando ya bahari mpaka ndege wakawamaliza. Kila kiangazi wenyeji wanayaigiza hayo huku wengine wanakula aiskrimu. Mwanaume mmoja aliburutwa kwenye kokoto, shati limelowa damu ya rangi, na watu wakapiga makofi. Roho iliniuma, nikatamani kuwatukana wote.

"Mama mukubwa, atakufa?" mtoto aliniuliza, anacheka. Nikamwambia ni mchezo tu. Ndipo bunduki zao za maigizo zikalia.

Mimi nilishtuka kidogo. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa chini. Alikuwa amemwangusha mtoto kwenye kokoto, amemlalia, kiganja amekisokomeza mdomoni mwake, anamnong'oneza kwa Kiswahili cha nyumbani: "Nyamaza. Usiinue kichwa. Watatuua." Mtoto alirusha miguu, akakosa pumzi, akauma. Mimi na shemeji tulimvuta mdogo wangu kwa nguvu mpaka akamwachia. Kokoto zilikuwa zimempasua mtoto paji la uso, na damu ya mama yake ilikuwa kwenye meno yake.

Jioni mtoto hakutaka kumsogelea mama yake. Alikuja kwangu na bandeji yake.

"Mama mukubwa, nani anataka kutuua?"

Niliahidi, kwa hiyo nikafunga mdomo. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mkono umefungwa kitambaa. Alikaa sakafuni, mbali kidogo na mtoto, akaanza kumwambia mwenyewe habari za Cibitoke.

Niliporudi Cibitoke, mama aliniuliza mjukuu wake anafanana na nani.

"Na mama yake," nikamwambia. "Anauma vilevile."

Mama aliufunika mkono wake wenye alama kwa ule mwingine, na safari hii alilia kwa sauti.