Mtu wa Embu Aliyekuja Kuuliza Habari za Miraa

Gitobu hakuwa mtu wa kuamini haraka. Pale Mikinduri walisema hata ukimpa salamu, ataigeuza kwanza aone chini yake kuna nini. Maisha yake yote amechuma miraa, na siku hizi kazi inakuja kwa simu. Riungu, tajiri wa miraa, anatuma ujumbe alfajiri, nawe unakwenda shamba ulilotajiwa na kupanda juu ya miti kuchuma. Ukichelewa kujibu, kapewa mwingine.

Siku moja akaja mgeni, viatu safi, akasema anaitwa Njuki, afisa wa leba, wa kutetea haki za wafanyakazi. Kwao wapi? Embu. Hapo hapo Gitobu akafunga moyo. Embu si ndiko kwenye muguka, hilo jani linalowanyang'anya wateja? Mtu wa muguka ana shida gani na miti ya miraa?

"Nani huwatuma kazini?" Njuki aliuliza. "Na mtu akianguka, nani humtibu? Sheria inabadilishwa. Tunataka anayetumwa kwa simu naye ahesabiwe mfanyakazi."

Wachumaji wakamtazama Gitobu, maana ndiye mkubwa wao.

"Hapa hakuna kazi, bwana," akajibu, ametulia kabisa. "Sisi ni jamaa, tunasaidiana tu. Leo kwa Riungu, kesho kwangu."

"Una hakika, mzee?"

"Muulize yeyote."

Wote wakaitikia, hata Mwiti, mdogo wake, aliyekuwa juu ya mti akicheka. Njuki akaaga. Riungu aliposikia alifurahi mno, akamsifu Gitobu mbele za watu. Furaha ile ilimtia Gitobu wasiwasi, lakini akaumeza.

Mvua zilipoanza, Mwiti aliteleza kwenye tawi akaanguka. Nyonga ikavunjika. Hospitalini huko Meru wakasema asipopasuliwa hatatembea vizuri tena. Gitobu akampigia Riungu simu, naye, haki ya Mungu, akaja na maziwa na mkate, akaketi kando ya kitanda.

"Tajiri," Gitobu akasema, "kijana alikuwa kazini kwako."

Riungu akamwangalia kwa huruma. "Kazi gani, ndugu yangu? Si ulimwambia afisa kwa kinywa chako?" Akamshika bega. "Sisi ni jamaa. Iteni harambee, nami nitachanga kama jamaa wengine."

Akaondoka. Mwiti akamgeukia Gitobu.

"Kaka, yule mtu wa Embu tunaweza kumpata wapi?"

Gitobu hakujua. Siku ile alikuwa na haraka ya kumwona akienda zake.